Mkate wa Wageni

Watu wa Mitunguu watakwambia kwamba mimi nina mdomo. Ni kweli, ninao, wala sijawahi kuomba radhi kwa ajili yake. Mwaka ule wageni wa misheni walipotoka ng'ambo kuja kukaa na watoto wetu wa shule ya Jumapili, mdomo huu ndio uliochaguliwa kuwa mkalimani. Mimi ni mwalimu wa chekechea, Kiingereza changu hakikwami, na Kimeru nimekizoea, ingawa nilizaliwa Embu na mpaka leo wanawake wa hapa hunicheka nikitamka maneno fulani kwa lafudhi ya kwetu. Kamati ya kanisa iliangalia hayo yote ikaridhika. Haikuuliza kama mkalimani ana hasira.

Wageni walikuja kwa wiki moja ya likizo ya Agosti. Walikuwa vijana tupu, isipokuwa mchungaji wao, mtu mrefu mpole aliyeinama kila alipoingia mlangoni hata kama mlango ulimtosha. Kazi yao ilikuwa kuwafundisha watoto nyimbo, hadithi za Biblia na michezo, na kuwapa chakula kidogo saa nne asubuhi. Yote mazuri. Lakini hakuna mzazi ambaye hakujua kwamba nyuma ya nyimbo kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Wageni hao walitaka kujenga nyumba ya watoto, darasa lenye kuta na mlango, katika kanisa moja la pande hizi. Walikuwa wameelezwa habari za makanisa mawili: letu, na lingine huko chini kwenye ukame, njia ya kwenda Tharaka. Wangekaa kwetu, siku moja washuke kule waone, kisha waamue.

Na sisi tuliihitaji nyumba hiyo, mtu asiseme tulikuwa na tamaa tu. Kanisa letu ni dogo, watu wazima hulijaza mpaka mlangoni. Watoto wangu wa shule ya Jumapili walikuwa wakisomea kwenye banda la ndizi, lile la mabati lisilo na kuta ambapo wakulima hukusanya mikungu kabla ya lori la Nairobi kuja. Lori lenyewe haliijui Jumapili. Lilikuwa likifika katikati ya hadithi ya Danieli, simba hata hawajafungwa midomo, dereva anapiga honi, nasi tunatoka juani na mabenchi yetu kupisha wapakiaji. Utomvu wa ndizi ukigusa nguo hautoki, na ulikuwa umeharibu magauni mengi ya Jumapili kuliko matope. Mvua ikija na upepo tulikuwa tukijisonga katikati ya banda, wakubwa nje, wadogo ndani, tunaimba tu ili wasilie. Nilikuwa nimeiwaza nyumba hiyo mpaka nikajua madirisha yake yataangalia upande gani.

Jumatatu asubuhi kina mama walionyesha kazi yao. Watoto walifika wameoga, wamepakwa mafuta mpaka magoti yanang'aa, wamevalishwa nguo za Krismasi ambazo kwa kawaida hukaa ndani ya sanduku zikingoja Desemba. Soksi zilikuwa zimevutwa juu. Kulikuwa na msichana mmoja mdogo, hajaanza hata darasa la kwanza, ambaye mama yake hufanya kazi ya kupakia ndizi katika banda lile lile. Yeye alikuja na viatu vya mtumba vinavyowaka taa kwenye kisigino ukikanyaga. Kimoja kilikuwa kimekufa, kingine kizima, kwa hiyo alitembea akikanyaga kwa nguvu upande mmoja. Nilijua mama yake hana shuka la pili kitandani. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Tena walikuwa wameshiba. Walikuwa wamejazwa uji wa wimbi, nduma, yaani magimbi, na githeri ya jana, mahindi na maharagwe, iliyokaangwa upya na vitunguu. Kwetu mtoto haendi kwa watu akiwa na njaa. Hiyo si sheria ya Wameru peke yao. Kwetu Embu mama yangu alikuwa akitupanga mstari kabla ya kwenda kwa shangazi, anatulisha mpaka tunalalamika, kisha anatusomea masharti. Mkipewa chakula, mseme mmeshiba. Mkipewa mara ya pili, mseme asante, mmeshiba. Mkipewa mara ya tatu, mniangalie mimi. Basi mara ya tatu tulimwangalia, na jicho lake ndilo lililoamua. Siku moja shangazi alitoa chapati za moto, akabembeleza mara ya tatu, nikamwangalia mama, na jicho likasema hapana. Nina wajukuu sasa, na chapati ile bado inaniuma. Lakini nilijua kwa nini. Mtoto anayelilia chakula cha watu huwatangazia kwamba kwao hakuna kitu, na mama yangu hakutaka kutangazwa.

Saa nne wageni wakaleta mkate. Aliyesimamia chakula alikuwa binti mmoja mwenye uso wa madoadoa, aliyekuwa amepangiwa kulala nyumbani kwangu. Alikuwa ameamka mapema kuliko mimi kupaka jemu vipande vyote mwenyewe, na maziwa ya pakiti aliyaweka ndani ya beseni la maji yapoe. Alipiga magoti mbele ya mtoto wa kwanza ili wawe kimo kimoja, akamnyooshea sinia kwa tabasamu. Mtoto akaficha mikono nyuma ya mgongo.

"Nimeshiba, asante."

Akaenda kwa wa pili. "Nimeshiba, asante." Wa tatu, wa nne, mstari mzima, mikono nyuma, sauti ya adabu, macho yanauangalia mkate kisha yanaukimbia. Yule wa viatu vya taa aliambiwa chukua, chukua, mpaka ikafika mara ya tatu, naye akageuka akaniangalia. Mama yake hakuwapo, kwa hiyo mama nilikuwa mimi. Sikutikisa kichwa wala sikusema neno, ila alisoma alichokisoma.

"Nimeshiba, teacher," akasema.

Nilijivuna, sitaki kudanganya. Nilisimama pale nikitamani mama yangu angefufuka awaone. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na hawa walikuwa wamefunzwa. Sikuona kwamba yule binti alikuwa ameinua kipande kimoja cha mkate anakinusa, akidhani kimeharibika. Kijana wao wa kupiga picha alishusha kamera. Nyuki wakaja kwenye jemu.

Mchana, nyumbani kwangu, binti aliketi kwenye kizingiti cha jikoni akalia. Nilikuwa nasonga ugali, sikuweza kuacha mwiko.

"Hawajanipenda," akaniambia kwa Kiingereza chao cha puani.

"Wamekupenda. Wamekuheshimu."

"Mtu akikuheshimu anakataa chakula chako?"

"Akiwa mtoto wa hapa, ndiyo."

Nikamweleza habari za mama yangu na ile chapati, akacheka huku kamasi zikimtoka, akajifuta kwa kiganja. Nilimpenda saa ile. Lakini akaniambia pia jambo ambalo liliniondolea hamu ya kula. Watu wa kanisa lao, alisema, walikuwa wamechanga kwa ajili ya watoto wenye njaa. Walikuwa wamengoja picha. Mchungaji wao alikuwa ameziangalia picha za asubuhi akazirudisha bila kuchagua hata moja, kwa sababu zilionyesha watoto waliovaa vizuri kuliko yeye, na sinia iliyojaa mkate.

Saa kumi tukaitwa kikao cha kamati. Mwenyekiti wetu ni mzee wa kofia, mkulima wa ndizi ambaye dalali hamdanganyi, na si mtu mbaya, niseme hivyo mapema. Wajukuu wake wako katika darasa langu. Kiwanja ambacho nyumba ingejengwa ni yeye aliyekitoa katika shamba lake, akang'oa migomba inayozaa, na kwa miaka alikuwa akiandikia huyu na yule akiomba msaada bila kuchoka. Alikuwa ameiota nyumba hiyo kabla yangu.

"Hawa watu wako karibu kutuponyoka," alianza. "Pastor wao ameniuliza kama hapa ni mahali sawa. Anasema watoto ni smart sana."

"Si ni smart kweli?" nikasema.

"Hiyo ndio shida, Mwalimu."

"Shida ni watoto kuoga?"

"Shida ni kwamba hakuna mtu wa ng'ambo atajengea mtoto mwenye viatu ya taa."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Mzee akaeleza mpango wake. Kesho watoto waje na nguo za shamba, miguu mitupu. Wasikule chochote nyumbani, ndio wakifika kwa mkate waukule vizuri na picha zipigwe. Siku moja tu. Tukishapata nyumba, wavae hata tai.

"Chairman," nikasema, "mimi siwezi kumvua mtoto viatu ndio apendwe."

"Hakuna mtu anavua mtoto. Tunaficha tu kidogo."

"Tangu lini watu wakaficha nguo badala ya uchi?"

Mama mmoja wa kamati aliangalia chini akikuna mkono wa kiti. Kisha mzee akaniambia, kwa upole ulionichoma kuliko angenifokea, "Mwalimu, mvua ya October ikikuja, ni wewe utakuwa kwa hiyo banda na hao watoto. Si mimi." Alisema kweli. Wakapiga kura kwa kuinua mikono, wangu ukabaki chini peke yake. Kabla sijafika nyumbani simu ilikuwa imelia. Katika kundi la WhatsApp la wazazi mwenyekiti alikuwa ameandika: "Kesho watoto wakuje simple. No shoes, no breakfast. Asanteni." Chini yake, vile vipicha vya mikono ya maombi vimepangana kama mihindi.

Jumanne wakaja. Watoto wa Mitunguu hutembea miguu mitupu kila siku shambani, hukanyaga mifereji, huchana nguo kwenye seng'enge, wala hawaoni haya. Siku ile waliona. Mtoto si mjinga. Alijua kwamba jana alipambwa na leo amepambuliwa, na kwamba kote kuwili kulikuwa kwa ajili ya macho ya wageni. Mvulana mmoja alikuwa akivuta fulana yake chini kuficha tundu, na kila alipoificha hapa ikafunguka pale. Wimbo ambao jana waliuimba mpaka mabati yakatetemeka, leo uliwatoka midomoni nusunusu. Wageni waliruka na kupiga makofi peke yao. Yule binti alinitazama akiniuliza kwa macho kumetokea nini, nami nikajifanya napanga mabenchi.

Msichana wangu wa viatu alifika amechelewa, anatembea ameinama, amekumbatia tumbo juu ya sweta. Nikadhani anaumwa.

"Umebeba nini hapo?"

"Viatu."

"Si mliambiwa msivae?"

"Chairman alisema tusivae. Hakusema tusibebe."

Ningecheka siku nyingine yoyote. Nilimwambia aketi karibu nami.

Saa nne mkate ukaja tena. Safari hii kijana wa kamera alikuwa amejipanga mapema. Binti akapiga magoti mbele ya mtoto wa kwanza kama jana, akamnyooshea sinia. Yule mtoto hakuwa amekula tangu usiku. Aliuangalia mkate, akameza mate, nikaliona koo likipanda na kushuka. Kisha mikono ikaenda nyuma ya mgongo.

"Nimeshiba," akasema, na tumbo lake likamsuta, likanguruma watu wakasikia.

Wa pili, mikono nyuma. Wa tatu, mikono nyuma. Kamati ilikuwa imewavua viatu na kuwanyima uji, lakini ilisahau kuwavua malezi. Hakuna aliyekuwa amewaambia watoto hao kwamba mkate wa mgeni unaliwa. Walikuwa na njaa ya kweli sasa, na bado walikuwa wanalinda jina la mama zao. Nilijivuna na nikaona hasira kwa pamoja, wala sikujua kipi kilitangulia.

Mwenyekiti akaona mambo yanaharibika. Akasimama, akavua kofia, akasema kwa sauti ya mkutano, "Mwalimu, waambie wageni hivi: hawa watoto hawajakula tangu jana. Wanaogopa tu. Waambie nyumbani hakuna kitu."

"Hiyo sitafsiri," nikasema.

"Mwalimu. Tafsiri."

"Nikitafsiri, Chairman, nitatafsiri yote. Nitasema ni nani aliwanyima."

Mchungaji wao akaniangalia, akamwangalia mzee, akauliza taratibu, "Anasemaje?" Niliiona nyumba. Niliona madirisha yake. Kisha mtoto mwingine akasema "nimeshiba" pale nyuma, na nyumba ikanitoka kichwani.

Nikawaambia wageni ukweli. Nikawaambia kwamba watoto hawa hulishwa kila siku na wazazi wanaochimba, wanaopakia na wanaouza, na kwamba leo wana njaa kwa sababu sisi watu wazima tuliwataka wawe nayo. Sikumtaja mzee, nilisema sisi. Nikawaambia kwamba hapa mtoto hali chakula cha mgeni ambaye hajala kwao. Mgeni ndiye hulishwa kwanza. Akishakula cha kwako, mmekuwa watu wamoja, na hapo mkate wake unaliwa bila haya. "Mmekuja na mkate," nikasema, "lakini tangu mfike hakuna mtoto aliyepata nafasi ya kuwapa ninyi kitu. Mmewatangulia."

Yule binti alifunika mdomo kwa mkono.

Nikawageukia watoto. "Nendeni nyumbani. Mle. Mvae. Mrudi hapa, na kila mtu aje na kitu cha mgeni."

Sijawahi kuona banda likiisha watu haraka vile, hata lori likija. Walitimka kati ya migomba wakipiga kelele. Msichana wangu hakukimbia kwanza. Aliketi chini, akavaa viatu vyake pale pale mbele ya kamati, akasimama na kukanyaga chini mpaka taa ikawaka, ndipo akaondoka.

Walirudi wanang'aa. Walirudi na ndizi sukari, nduma za moto ndani ya vitambaa, viazi vitamu, parachichi, mayai ya kuchemsha, githeri ndani ya hotpot iliyofungwa kwa leso, chai ndani ya thermos mbili ambazo moja ilikuwa inavuja. Mvulana wa fulana ya tundu alikuja na shati jeupe na kuku mzima kwapani, maana mama yake alikuwa amemwambia mgeni hapewi kitu kidogo. Mchungaji mrefu alikabidhiwa kuku yule akakosa pa kumshika, akamshika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Watoto wakubwa wakapita na jagi na beseni wakiwanawisha wageni mikono, mmoja akimimina, mwenzake akishika taulo, bila kumwagia mtu viatu. Hakuna aliyewafundisha siku ile. Kijana wa picha aliiweka kamera chini kwa sababu kila mkono wake ulikuwa na sahani.

"Kula, bado," nilisikia watoto wakiwaambia wageni, kwa sauti ile ile ya mama zao. "Ongeza kidogo. Ama hujapenda?"

Msichana wangu alimpelekea binti wa madoadoa ndizi moja, kwa mikono miwili. Binti akaimenya, akala kipande, kisha akaikata katikati akampa nusu. Mtoto akaniangalia. Mimi nikaangalia mabati. Nilipoyarudisha macho chini, shavu lake lilikuwa limejaa.

Baada ya hapo mkate wa jemu haukuchukua muda. Maziwa nayo yakaisha, na wimbo wa wageni ukaimbwa mpaka wapita njia wakasimama barabarani. Ningekuwa na uwezo ningeifunga siku hiyo ndani ya kitambaa nikaiweka. Kitu kimoja tu kiliitia doa. Mwenyekiti alikuwa ameketi mbali, kofia magotini, sahani aliyopelekewa na mjukuu wake haijaguswa. Nilimwendea nikamwambia, "Chairman, kula." Akasema, "Nimeshiba, Mwalimu." Hakuniangalia.

Alhamisi wageni walishuka kule kwenye ukame na mkalimani wa huko. Walirudi jioni wamejaa vumbi. Binti aliniambia tu kwamba kule watoto hufukua maji kwenye mchanga wa mto mkavu, na darasa lao ni kivuli cha mgunga mmoja. Alikuwa akikwaruza nduma kwa kisu wakati anasema hivyo, kazi aliyokuwa amejifunza kwangu, na hakuinua uso. Nilielewa. Nilijaribu kulionea kanisa lile wivu nikashindwa, kisha usiku nikauweza.

Ijumaa ilikuwa ya kuagana. Banda lilijaa wazazi, watoto wameketi mbele kwenye mabenchi. Mchungaji akasimama, nami nikasimama kando yake kutafsiri. Alishukuru kwa chakula. Alishukuru kwa kuku, watu wakacheka. Halafu akashusha sauti akasema kwamba wameomba, wamefikiri, na nyumba ya watoto itajengwa kule chini.

Nililazimika kuisema mimi. Sentensi hiyo ilipita kinywani mwangu, kwa Kiswahili kisha kwa Kimeru ili wazee wote waelewe, na nikaziona nyuso za kina mama zikibadilika moja baada ya nyingine. Mama yake msichana wangu alikuwa amesimama kando ya mikungu ya ndizi na nguo zake za kupakia. Alifunga leso upya kiunoni, akaifungua, akaifunga tena. Hakuna aliyenitupia neno. Ningefurahi kama wangenitupia.

Lakini mchungaji hakuwa amemaliza. Alikuwa mtu wa huruma, na nadhani zile nyuso zilimshinda. Alimgeukia mwenyekiti akasema, "Kama kuna shida hapa kwenu ambayo hatukuiona, utuambie sasa. Tutaketi tena, tutafikiri upya." Nikatafsiri. Kila mtu akamgeukia mzee.

Nitasema kweli: niliogopa. Mlango ulikuwa umefunguliwa wazi, na aliyesimama mlangoni alikuwa mtu niliyemkatalia mbele ya wageni, mtu aliyeng'oa migomba yake kwa ajili ya nyumba hiyo. Alikuwa na haki ya kujaribu. Na mimi sikujua, kama angesema lile neno la Jumanne, kama ningekuwa na nguvu ya kukataa mara ya pili. Mvua za Oktoba hazikuwa mbali.

Mzee alisimama polepole. Aliwaangalia wageni, kisha akawaangalia watoto kwa muda mrefu, benchi kwa benchi, wajukuu wake na wa wenzake. Nao walimwangalia, wameketi wima, mikono magotini. Akakohoa.

"Mwambie hii nyumba tunaitaka," akasema. "Asiende akifikiria hatuitaki."

Nikatafsiri.

"Mwambie ile banda inavuja, na lori inatusumbua. Hiyo ni ukweli, ameona."

Nikatafsiri. Mchungaji aliitikia kwa kichwa, akingoja.

"Lakini mwambie," akasema mzee, na sasa alikuwa ananiangalia mimi, "watoto wetu wamekula."

Niliyatafsiri hayo maneno kwa sauti niliyotaka ifike barabarani. Nyuma yangu mama wa kupakia ndizi akaanza kupiga makofi, peke yake kwanza. Mzee akavaa kofia yake, akaketi.